Hata Ayalandi Walikuwa na Washenga

Mara nyingi mabarazani husikia watu wakisema kwamba Mzungu hana posa. Husemwa kwamba Mzungu humwona msichana njiani, akampenda, wakaenda zao kanisani, na baba wa msichana akapata habari hizo siku moja na majirani. Wasemao hivyo huongeza kwamba mshenga, mahari, kuchunguza ukoo na kuahidiana mbele ya wazee ni mambo yetu sisi watu wa pwani na ndugu zetu wa bara, na kwamba Mzungu hayajui hata kwa kuyasikia.

Mimi nasema maneno hayo si kweli. Na kwa kuwa utamaduni si mali ya taifa moja, leo nataka kuwachukua wasomaji hadi Ayalandi, kisiwa chenye mvua nyingi, majani mabichi na ng'ombe, kilichoko magharibi ya Uingereza. Watu wa huko si wageni kabisa kwetu, maana wengi wa mapadri na watawa waliofundisha katika shule za misheni humu Kenya walitoka katika nchi hiyo. Huko kwao, tangu zamani hadi katikati ya karne ya 20, mkulima hakuoa kwa macho yake tu. Alioa kwa mshenga, kwa mapatano ya wazee wa pande mbili, kwa hesabu ya ng'ombe na kwa hati ya wakili.

Siyaelezi haya kwa ajili ya kuwafurahisha wasomaji peke yake. Naamini kwamba mila zile zina funzo kwetu, na funzo lenyewe lina uchungu ndani yake. Nchi ile ilifika mahali ikaifanya ndoa kuwa biashara ya ardhi, na walioilipa gharama ya biashara hiyo walikuwa vijana, hasa wasichana.

SHERIA ZA KALE

Kabla ya Waingereza kuitawala nchi yote, Wairishi walikuwa na sheria zao wenyewe, zilizohifadhiwa na mahakimu wa kienyeji walioitwa brehon. Kitabu kimoja cha sheria hizo, kiitwacho Cáin Lánamna, chahusu mambo ya mume na mke. Kiliandikwa kiasi cha mwaka 700, yaani katika karne ya kwanza ya Hijra. Msomaji wa pwani akielezwa yaliyomo, hatashangaa sana.

Katika sheria hizo, mume ndiye aliyetoa mali ya kuolea, nayo ikiitwa coibche. Katika ndoa ya kwanza mali hiyo ilikwenda kwa baba wa msichana. Mwanamke akiolewa tena, yeye mwenyewe alipata fungu lake, na fungu hilo lilizidi kwa kila ndoa. Kama ndoa ilivunjika kwa kosa la mke, mali ilirudishwa.

Mwanamke aliyeingia katika ndoa na mali iliyo sawa na ya mumewe alikuwa na sauti katika mali hiyo, na mume hakuweza kufanya mapatano makubwa bila ya ridhaa yake. Wakiachana, kila mmoja aliondoka na chake, na faida iliyopatikana iligawanywa kwa kuangalia nani alileta ardhi, nani alileta mifugo na nani alifanya kazi. Mke alikuwa na haki ya kumwacha mume aliyempiga akamtia alama mwilini, au aliyemtangaza kwa maneno ya kumwaibisha, au aliyetoa nje siri za chumbani.

Hata mambo ya wake zaidi ya mmoja yalijulikana. Kanisa lilipinga, lakini baadhi ya wanasheria walijibu kwamba manabii wa kale waliotajwa katika vitabu walikuwa na wake wengi, basi vipi jambo hilo liwe geni?

Sheria hizo zilivunjwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 17, wakaleta yao. Katika sheria ya Kiingereza ya siku zile, mwanamke akiolewa, mali yake ya mkononi ikawa ya mume. Hapo, naona mimi, ndipo mwanamke wa Ayalandi alipopoteza kitu ambacho hakukirudisha kwa muda wa miaka mingi sana.

NJAA NA ARDHI

Twende sasa kwenye karne ya 19. Mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Wengi wao walikuwa maskini kabisa, wakiishi kwa viazi vilivyopandwa katika vipande vidogo vya ardhi ya kukodi. Watu wa namna hiyo hawakuwa na sababu ya kungoja. Kijana alipata kibanda na kipande cha viazi kutoka kwa baba yake, akaoa angali mdogo, na kipande kile kikagawanywa tena kwa wanawe.

Mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa viazi. Viazi vilioza shambani, na njaa ikadumu kwa miaka kadhaa. Watu kiasi cha milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walipanda marikebu wakaihama nchi. Ilipofika sensa ya mwaka 1851 walibaki watu milioni sita na nusu hivi.

Waliosalimika walijifunza somo moja: ardhi haigawanyiki. Tangu hapo shamba lilirithiwa na mwana mmoja tu wa kiume, na baba ndiye aliyeamua ni yupi na lini. Binti mmoja, kwa kawaida, alitafutiwa mali ya kuolewa nayo. Wana wengine wote, wawe watano au wanane, hawakuwa na fungu. Msomaji aliyezoea sheria ya mirathi ambayo kila mtoto ana haki yake, wa kiume na wa kike, na alifikirie jambo hilo kwa makini, kwa sababu mila zote nitakazozieleza hapa chini zimejengwa juu yake.

MSHENGA NA CHUPA

Kwa Kiirishi mshenga huitwa basadóir, na mapatano ya ndoa huitwa cleamhnas. Mshenga alikuwa mtu mzima mwenye ulimi mzuri, aliyeijua kila nyumba katika wilaya, nani ana deni, nani ana ng'ombe wazuri, ukoo gani una ugonjwa, na binti yupi ana hasira. Alikutana na watu gulioni siku ya kuuza mifugo, akapeleka neno huku na huku.

Baba wa kijana akiamua kwamba wakati wa kumwoza mwanawe umefika, alimtuma msemaji kwa baba wa msichana. Msemaji alikwenda usiku, mkononi amechukua chupa ya wiski. Sisi chupa hiyo hatuihitaji, lakini maneno yaliyofuata tunayafahamu vizuri. Hawakuanza na habari za msichana. Walizungumza kwanza juu ya hali ya hewa, bei ya ndama na afya za wazee, mpaka ikafika saa ya kusema kilichowaleta.

Baba wa msichana aliuliza swali moja ambalo kila mtu alilingojea: shamba lenu ni la ng'ombe wangapi? Huko ardhi ilipimwa kwa idadi ya ng'ombe inayoweza kulisha. Akishajibiwa, na yeye aliulizwa atatoa kiasi gani na binti yake. Hapo ndipo palipokuwa na kelele. Mmoja alitaja fedha nyingi, mwingine akasimama kama anayetaka kwenda zake, majirani wakamshika mkono wakamkalisha. Mwisho akatokea mtu wa kati akasema, tofauti hii na igawanywe nusu kwa nusu, na mikono ikapigwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika barza ile hata kizuri kilipitishwa mikononi mwa wengi kabla ya kununuliwa.

KUTEMBEA SHAMBA

Maneno ya mdomo hayakutosha. Siku nyingine baba wa msichana, pamoja na jamaa zake, alikwenda kulitembea shamba la kijana. Aliangalia nyasi, maji, paa la nyumba, zizi, hata lundo la samadi, maana samadi nyingi ni dalili ya mifugo mingi. Zipo hadithi nyingi juu ya watu waliokopa ng'ombe wa majirani kwa siku moja wakawaingiza shambani mwao ili mkwe avutiwe. Mwenye hekima alirudi tena siku asiyotazamiwa.

Akiridhika, pande mbili zilikwenda mjini kwa wakili, na hati ikaandikwa. Katika hati hiyo baba alimpa mwanawe shamba, na papo hapo akajiwekea haki zake na za mkewe: chumba cha kulala, ambacho katika sehemu nyingi za magharibi kilikuwa kile chumba cha upande wa magharibi ya nyumba, kiti karibu na moto, viazi, maziwa ya ng'ombe mmoja, na nafasi katika gari la farasi siku ya kwenda Misa.

Wapo watakaocheka kwamba mtu amwandikie mwanawe kwa wakili haki ya kupewa maziwa. Mimi sicheki. Wazee wale waliona mengi, na walijua kwamba bibi arusi akishaingia jikoni mwa mavyaa wake, nyumba ina mabibi wawili na sufuria moja. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Kuandika mambo wazi kabla ya ugomvi ni jambo la busara, na katika mila zote za Ayalandi hilo ndilo ningependa tuliige.

FEDHA ZA BIBI ARUSI

Sasa tufike kwenye mahari. Wasomaji watakuwa wameshaona kwamba huko mali ilitoka upande wa msichana kwenda upande wa mume. Mali hiyo iliitwa spré, neno ambalo katika Kiirishi cha zamani lahusiana na ng'ombe, kwani ng'ombe ndio waliokuwa utajiri.

Lakini swali kubwa ni hili: mali ile ilikaa kwa nani? Haikukaa kwa bibi arusi. Wala mara nyingi haikukaa kwa mumewe. Baba wa mume aliichukua, akaitumia kumwoza binti yake mwenyewe, au kumlipia nauli mwana mwingine aende Marekani. Fedha iliyotoka na mkaza mwana ikaondoka na wifi yake, ikaingia nyumba ya tatu, na huko nako ikaondoka na binti mwingine. Fedha ile ile ilizunguka wilaya nzima, na hapana mwanamke hata mmoja aliyeikalia.

Na aliyeileta akikosa kuzaa, alikuwa katika hali ngumu. Zilikuwako sehemu ambazo mume alimrudisha mke wa namna hiyo kwa wazazi wake, ijapokuwa dini yao haikuruhusu talaka.

Nafikiri ni wajibu wangu kulisema hili bila ya kuficha. Kwetu sisi mahari ni haki ya mke, si ya baba yake wala ya mume wala ya mavyaa. Hiyo ndiyo sheria tuliyofundishwa. Lakini je, nyumba ngapi mahari hutajwa mbele ya mashahidi, kisha bibi arusi asiyaone kwa macho? Wazee hupokea kilemba na mkaja, na hiyo ni heshima yao. Lakini mtu akila mahari ya binti yake kwa kisingizio cha gharama za karamu, hana haki ya kumcheka mkulima wa Ayalandi, maana mkulima yule hakuwa na sheria bora ya kuivunja.

MSIMU WA KUOA

Kanisa Katoliki halikufungisha ndoa siku za Kwaresma, yaani zile siku za kufunga kabla ya Pasaka. Basi arusi za vijijini zilijazana katika majuma ya kabla ya Kwaresma, na siku iliyopendwa kupita zote ilikuwa Jumanne ya mwisho. Jambo hili halitamshangaza mtu yeyote aliyepata kupokea kadi tano za arusi katika juma moja la Shaabani.

Lakini waliopitwa na msimu hawakuachwa na aibu yao. Katika majimbo ya kusini, Jumapili ya kwanza ya Kwaresma, watoto na vijana walibeba chaki, na mtu mzima asiyeoa au asiyeolewa akipita kwenda Misa, alichorwa mgongoni. Siku hiyo iliitwa Jumapili ya Chaki. Sehemu za magharibi waliwarushia chumvi, eti wasioze mpaka mwaka ujao.

Katika Kerry na Cork walikuwa na mzaha mkubwa zaidi. Katika bahari ya Kerry kiko kisiwa cha mawe kiitwacho Skellig Michael, ambako zamani waliishi watawa. Ilisemekana kwamba kisiwani huko kalenda ya zamani iliendelea, kwa hiyo Kwaresma huchelewa kuingia. Basi watunzi wa mashairi walitunga orodha za wahuni na wasichana waliobaki, wakawapanga wawili wawili kwa kejeli, kana kwamba wote watapakiwa chomboni kwenda Skellig kuoana kabla ya mlango kufungwa. Mashairi hayo yalibandikwa na kusomwa hadharani. Msomaji anayejua jinsi washairi wetu wanavyoweza kumvua mtu nguo kwa beti tatu ataelewa kwa nini watu walijificha ndani siku hiyo.

SIKU YENYEWE

Zamani ndoa nyingi zilifungwa nyumbani kwa bibi arusi, padri akiitwa aje. Baada ya mkutano mkuu wa maaskofu uliofanywa Thurles mwaka 1850, ilikazwa kwamba ndoa zifungwe kanisani, na desturi ikabadilika polepole.

Bibi arusi alipanda farasi nyuma ya mtu, na msafara ukatoka. Katika sehemu nyingi, hasa kaskazini, vijana walishindana mbio za farasi kutoka kanisani hadi nyumba ya karamu, na aliyetangulia alipewa chupa ya wiski. Wengine walipiga bunduki hewani. Nyumbani mavyaa alisimama mlangoni na mkate wa oti, akauvunja juu ya kichwa cha mkaza mwana, na wageni wakagombea vipande kwa kuvitakia baraka. Ndani palikuwa na nyama, fidla, zumari la mfuko na ngoma za kucheza mpaka alfajiri.

Usiku wa manane waligonga mlango watu ambao hawakualikwa. Walivaa mabua kutoka kichwani hadi magotini, nyuso zao zimefunikwa na kofia ndefu za mabua, hawatambulikani. Hao waliitwa vijana wa mabua. Mkubwa wao aliomba kucheza na bibi arusi, wenzake wakacheza na wageni, wakapewa kinywaji, wakawatakia maharusi heri, wakaondoka. Kuja kwao kulihesabiwa kuwa baraka. Lakini mwenye nyumba akiwatendea kwa ubakhili, walijua namna ya kulipiza, hata kuziba bomba la moshi la nyumba.

Wengi huona kisa hiki ni mchezo tu. Mimi naona ndani yake adabu kubwa. Wale waliojificha ndani ya mabua mara nyingi walikuwa vijana wa jirani ambao wenye arusi hawakuweza kuwalisha wote kwa mwaliko. Mila iliwatafutia njia ya kuingia bila ya kuaibika wao wala mwenye nyumba. Arusi isiyo na mlango kwa jirani ni karamu ya watu wachache tu, na kadi zetu za siku hizi, zenye kutaja hesabu ya watu, zafaa zikumbuke jambo hilo.

KIJICHO NA PETE

Wairishi waliogopa kijicho kama tunavyokiogopa. Waliamini pia kwamba kuna viumbe wasioonekana, waitwao sídhe, wakaao katika vilima na miti, na kwamba viumbe hao humtamani bibi arusi kwa uzuri wake. Kwa hiyo chumvi na unga wa oti viliwekwa karibu, na maharusi waliviramba kidogo ili wakingwe. Jumamosi haikupendwa kwa arusi, wala mwezi wa Mei.

Kuhusu pete, iko moja mashuhuri itokayo Claddagh, kijiji cha wavuvi kilichokuwa kando ya mji wa Galway. Ina mikono miwili iliyoshika moyo, na juu ya moyo pana taji. Husimuliwa kwamba sonara Richard Joyce wa Galway alikamatwa baharini na mabaharia wa Algeria, akauzwa kwa sonara Mwislamu aliyemfundisha kazi ya dhahabu. Mfalme William wa Tatu alipoingia madarakani mwaka 1689, alifanya mapatano na mateka wakaachiliwa. Masimulizi yanasema kwamba bwana wake alimwomba abaki, akamwahidi binti yake wa pekee na nusu ya mali yake, lakini Joyce akachagua kurudi kwao. Kisa ni cha masimulizi, ila pete zenye alama yake zipo, nazo ni za kiasi cha mwaka 1700. Na kutekwa baharini kulikuwa jambo la kweli, maana mwaka 1631 mabaharia hao walivamia kijiji cha Baltimore huko Cork wakachukua watu zaidi ya 100. Pete hiyo ya Claddagh mama alimpa binti yake, na huyo akampa wa kwake. Labda ndiyo mali pekee ya arusi ambayo kweli ilikaa na mwanamke.

WALIOBAKI NJE

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba hizi zilikuwa mila nzuri, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Tungoje kidogo, tuulize wale ambao mshenga hakuwagongea mlango.

Baba aliyeshika shamba hakutaka kuingia chumba cha magharibi mapema. Mwana alingoja. Katika Clare, wataalamu wa Kimarekani waliokwenda kuchunguza maisha ya vijijini katika miaka ya 1930 waliwakuta wanaume wa miaka arobaini na zaidi ambao bado wakiitwa "kijana", kwa sababu hawajapewa ardhi wala mke. Katika sensa ya 1926, wanaume kiasi cha saba katika kila kumi wa umri wa miaka 25 hadi 34 walikuwa hawajaoa. Nchi chache duniani zilifikia hali hiyo.

Malalamiko hayo yalikuwa ya zamani. Kiasi cha mwaka 1780 mshairi Brian Merriman wa Clare alitunga shairi refu la mistari zaidi ya elfu moja, Cúirt an Mheán Oíche, yaani Mahakama ya Usiku wa Manane, ambamo wanawake wanawashtaki wanaume mbele ya malkia wa sídhe kwa kuchelewa kuoa na kutazama mali tu. Baada ya njaa ya 1845, shtaka hilo lilizidi kuwa kweli.

Na wasichana? Yule aliyekuwa na spré alipewa mume, na mara nyingine hakumjua ila siku chache kabla ya kanisa. Mwaka 1959 John B. Keane, wa mji wa Listowel, alitoa mchezo uitwao Sive. Ni kisa cha msichana yatima anayetakiwa aolewe na mkulima mzee kwa ajili ya fedha, mshenga akila fungu lake, na msichana anakimbia usiku na kufa. Watu walijaa kuutazama kwa maelfu, kwa sababu kila mmoja wao alimfahamu Sive wa kijijini kwake.

Yule asiye na spré aliondoka. Usiku wa kabla ya kusafiri, jamaa na majirani walikusanyika nyumbani kwao. Palikuwa na fidla, palikuwa na ngoma, na palikuwa na kilio kama cha matanga. Waliuita mkesha wa Marekani, kwa kuwa waliokwenda kwa kawaida hawakurudi. Fikiri, msomaji: nyumba ile ile, wapiga fidla wale wale, majirani wale wale ambao wangekuja kwa arusi yake. Badala ya kumpeleka kwa mume wakampeleka melini. Wasichana walihama kwa wingi kama wavulana, wakafanya kazi za nyumbani katika Boston na New York, wakaleta fedha kwa barua. Baadhi yao waliweka akiba ya spré kwa jasho lao, wakarudi kuolewa. Wengi waliona kwamba mtu mwenye mshahara wake hana haja ya kumlipa mwanamume ili amwoe, wakabaki huko huko. Ilipofika mwaka 1911, watu wa kisiwa chote walikuwa kiasi cha milioni 4.4 tu.

Sheria nayo ilichelewa kuwatazama wanawake. Mpaka sheria ya mirathi ya mwaka 1965, mume wa Ayalandi aliweza kwa wasia kumnyima mjane wake ardhi aliyoitumikia maisha yake yote. Talaka ilikatazwa na katiba ya 1937, mpaka wananchi walipopiga kura mwaka 1995, nayo ikapita kwa kura chache.

TUCHUKUE NINI?

Leo mshenga wa Ayalandi amekuwa kivutio cha watalii. Kila Septemba watu humiminika Lisdoonvarna, katika Clare, ambako zamani wakulima walikwenda baada ya mavuno kutafuta wenzi, na sasa ni tamasha la nyimbo na ngoma. Vijana wa mabua huchezwa tena kwenye baadhi ya arusi kwa kufurahisha. Chaki na chumvi zimekwisha.

Katika hayo naona funzo la aina mbili. La kwanza ni kwamba mila hufa pale inapoacha kumfaa kijana, hata wazee wakiisifu namna gani. Mshenga wa Ayalandi hakufukuzwa na sinema wala na vitabu vya mapenzi. Alifukuzwa na wasichana waliopanda meli. Nasi pwani tunapomlaumu kijana kwamba haoi, au anaoa kimya kimya mbali na wazee, tuangalie kwanza tumemwekea nini mlangoni: karamu ya siku nne, vyombo vya dhahabu vya kuazima, sare za jamaa wote, na deni ambalo litamtangulia chumbani. Kumbe yaliyo ya lazima katika ndoa ni machache, na tumeyafanya mengi kwa mikono yetu wenyewe.

La pili lamhusu msichana. Pale ambapo mali yake ilikuwa yake, na neno lake lilisikilizwa, kama katika zile sheria za karne ya kwanza ya Hijra, hata ndoa iliyopangwa na wazee ilikuwa na heshima. Pale alipofanywa njia ya kupitishia fedha kutoka kwa baba mmoja kwenda kwa mwingine, posa iligeuka mnada, ijapokuwa mshenga alikuwa yule yule na ngoma zilikuwa zile zile. Sisi tumepewa sheria inayomtaka binti aulizwe na mahari yake apewe mkononi. Basi aulizwe kweli, kabla mshenga hajapewa jibu, na mahari ayapokee yeye mwenyewe.